Warsan Shire na Beyoncé: nani aliandika nini hasa

Kila Lemonade, ile albamu na filamu ya Beyoncé ya mwaka 2016, inapotajwa mbele ya watu wanaopenda mashairi, kuna ubishi mmoja haukosi. Wa kwanza atasema zile nyimbo zote ziliandikwa na binti wa Kisomali mzaliwa wa Nairobi, wa pili atamrukia, acha uongo wewe, Beyoncé anaandika mwenyewe, alafu wa tatu ataingia na la kwake kwamba yule binti kaibiwa maneno yake akaachiwa hela ya soda. Nimeusikia huu ubishi mara nyingi sana, na mi kinachoniuma si kwamba watu hawajui, kinachoniuma ni kwamba jambo lenyewe ni tamu kuliko hizo stori zote tatu na sisi watu wa Kiswahili tuna kila sababu ya kulielewa haraka kuliko wengine, maana mtunzi kutunga na mwingine kuimba ni kitu tumelelewa nacho. Basi hebu tulifumue.

Jina lake ni Warsan Shire. Kwa Kisomali war ni habari, san ni njema, kwa hiyo mzazi alimwita binti yake Habari Njema. Kazaliwa Nairobi tarehe 1 Agosti 1988, wazazi wake Wasomali, na alipotimiza kama mwaka mmoja hivi familia ikahamia Uingereza. Kwa hiyo Kenya hakukulia, tusijidanganye kwenye hilo, yeye ni mtoto wa London, kaskazini magharibi huko upande wa Wembley. Rais Siad Barre anaondolewa Mogadishu Januari 1991 wao tayari wako Uingereza, na kama unajua familia yoyote ya Kisomali, iwe ya Islii pale Nairobi au ya wapi, unajua nini kilifuata: nyumba zikageuka vituo, leo kaja shangazi, kesho kaja binamu, keshokutwa simu inalia usiku kuna mtu amekwama nchi fulani, na mtoto yuko pale kwenye kona anasikiliza kila kitu watu wazima wanachodhani hasikii. Mwenyewe amesema hadharani mara kadhaa kwamba mashairi yake mengi yametokana na stori za ndugu na jamaa, si za kwake peke yake. Hili lishike, maana watu wanapoongea kuhusu washirika wake wa kazi wanaruka moja kwa moja kwa Beyoncé, wakati washirika wa kwanza kabisa walikuwa hao mashangazi waliokaa kwenye kochi wakisimulia.

Akiwa bado msichana akaingia kwenye darasa la ushairi la vijana lililokuwa likiendeshwa na Jacob Sam-La Rose, mshairi wa London ambaye kazi yake kubwa, ukiniuliza mi, ni kulea washairi wengine. Huyu ndo akawa mhariri wake. Alafu kuna Nii Ayikwei Parkes, mwandishi mwenye asili ya Ghana, ambaye alianzisha kampuni ndogo ya uchapishaji inaitwa flipped eye, na mwaka 2011 flipped eye wakatoa kijitabu chembamba cha Warsan, Teaching My Mother How to Give Birth, yaani kumfundisha mama yangu jinsi ya kuzaa. Kijitabu, sio diwani kamili, na hii tofauti huwa inapotea. Kwenye ushairi wa Kiingereza mshairi mchanga huwa anatoa kwanza kijitabu cha kurasa chache kama kujitambulisha, alafu baadae ndo inakuja diwani yenyewe ya kwanza. Kwa Warsan kati ya kijitabu na diwani kamili ilipita miaka 11. Katikati hapo ndo dunia nzima ikamjua.

Na alijulikana kwa njia ambayo wakati ule ilikuwa mpya. Alikuwa anaandika kwenye Tumblr na Twitter, mistari mifupi mifupi, wasichana wanaikopi wanaituma kwa wenzao, alafu mwaka 2012 akaweka mtandaoni albamu ya sauti, warsan versus melancholy, ndani yake anayasoma mashairi kwa sauti yake mwenyewe kupitia hatua saba za upweke. Hebu iwaze hiyo, hatua saba za upweke, mwaka 2012. Lemonade iliyotoka 2016 imegawanywa kwenye sura 11 na kila sura ni hatua ya maumivu, kuhisi, kukana, hasira, kutojali, utupu na kuendelea mpaka msamaha na matumaini. Sisemi moja imezaa nyingine, nasema tu ukizisikiliza pamoja unaelewa kwa nini hawa wawili walifaana.

Mwaka 2013 mambo yakaja kwa mkupuo. Akashinda tuzo ya ushairi wa Afrika ya Chuo Kikuu cha Brunel, ile iliyoanzishwa na Bernardine Evaristo, ndo ilikuwa inatolewa kwa mara ya kwanza na zawadi yake pauni 3,000, na mwaka huo huo akateuliwa kuwa malenga kijana wa kwanza wa jiji la London. Mwaka 2014 akawa mshairi mkaazi Queensland, Australia. Kwa hiyo yule anayesema Beyoncé ndo kamtoa gizani, hapana, mtu alikuwa ameshasimama kwa miguu yake.

Sasa tuje kwenye Lemonade yenyewe.

Tarehe 23 Aprili 2016 HBO, kituo cha televisheni cha Marekani, wanaonyesha filamu ya kama saa moja na kidogo. Siku hiyo hiyo albamu inatoka. Hapo ndo fundo la kwanza la ubishi wetu lilipofungwa, maana kuna vitu viwili vyenye jina moja. Kuna albamu, nyimbo 12, na kuna filamu, ambayo ndani yake zile nyimbo zimeunganishwa na vipande vya maneno ya kusemwa, hayaimbwi, yanaghanwa taratibu kwa sauti ya Beyoncé. Ukinunua albamu ya sauti tu ukaisikiliza garini, Warsan hayumo. Nyimbo zina waandishi wao, tena wengi, wimbo wa Hold Up peke yake orodha ya waandishi inapita watu kumi kwa sababu umebeba vipande vya nyimbo nyingine ndani yake, na Beyoncé ni mmoja wao. Warsan yuko kwenye ile sehemu ya kughani, na mwisho wa filamu imeandikwa wazi kwamba uandaaji wa maneno kwa ajili ya filamu na mashairi ni vya Warsan Shire. Kwa hiyo mbishi wa kwanza kakosea, nyimbo si zake, na mbishi wa pili naye kakosea, yale maneno ambayo watu waliyalilia na kuyachora mpaka kwenye mikono yao hayakutoka kwa Beyoncé.

Sasa yalitoka wapi? Mengi yalikuwa yapo tayari. Kuna shairi lake linaitwa, kwa Kiswahili changu, Kwa wanawake wagumu kupendwa, lilikuwa limezunguka miaka mingi kabla ya hapo, yeye mwenyewe akilisoma. Ndani yake anaongea na mwanamke aliyeachwa au anayekaribia kuachwa, anamwambia ulijaribu kubadilika sio, ulifunga mdomo zaidi, ulijaribu kuwa laini, kuwa mrembo zaidi, kutokuwa macho sana. Anamwambia huwezi kujenga nyumba ndani ya binadamu mwenzio, mtu alitakiwa awe ameshakwambia hili. Ni sauti ya dada mkubwa, au ya shangazi yule wa kwenye kochi, anakushika mkono anakupa ya moyoni.

Kwenye filamu, Beyoncé anajirusha kutoka juu ya jengo, anaangukia majini, yuko kwenye chumba kimejaa maji na nywele zinaelea, na unasikia maneno yale yale. Lakini yamegeuka. Sasa ni nilijaribu kubadilika. Nilifunga mdomo zaidi.

Kwa Kiingereza ni neno zima limebadilishwa, kwetu sisi ni silabi moja tu, u imekuwa ni. Ulijaribu, nilijaribu. Na kwenye hiyo silabi moja shairi zima limehama, lilikuwa nasaha sasa ni ungamo, lilikuwa mtu anakufariji sasa ni mtu anakufungulia kifua chake, na msikilizaji naye kahamishwa kiti, mwanzo alikuwa anaambiwa sasa anashuhudia. Mi nikiwa naeleza watu maana ya kuandaa shairi kwa ajili ya filamu naanzia hapa hapa kwenye u na ni, kwa sababu watu wengi wanadhani ni kukata na kubandika tu. Si kukata na kubandika. Kuna mistari imebaki kama ilivyo, kuna mingine imegeuzwa nafsi, na kuna mingine kwenye shairi la zamani haipo kabisa, kama ile ya kufunga siku 60 na kuvaa nyeupe na kutojitazama kwenye kioo. Alafu hazikutumika shairi moja moja, zilichanganywa, mstari wa hapa unakutana na mstari wa pale, kuna lile la Uzito usiovumilika wa kubaki, lile lenye mikono ya baba kwenye shingo ya mama kama tunda lililoiva kupita kiasi, kuna la mwezi, kuna la msichana anayevaa lipstiki ya mama yake, kuna la fundi wa kucha anayesoma viganja kama mpiga ramli. Mashairi haya yaliandikwa kila moja kwa wakati wake na kwa mtu wake, na kuyafanya yawe safari ya mwanamke mmoja kutoka kushuku mpaka kusamehe ni kazi kubwa ya utunzi kwa haki yake.

Na hapa ndo nasema sisi tulipaswa kuelewa bila kuelezwa. Pale Mombasa, Profesa Juma Bhalo, sauti ile isiyosahaulika kwenye taarabu ya pwani, aliimba mashairi ya ndugu yake Ahmad Nassir Juma Bhalo, yule ambaye diwani yake Malenga wa Mvita ilitoka mwaka 1971. Majina yao yanafanana mpaka kuna watu huwachanganya, lakini waliokuwa karibu nao walijua wazi nani mtunzi nani mwimbaji, na hakuna aliyesema mwimbaji kamuibia mtunzi, wala hakuna aliyesema mtunzi ndo kila kitu na mwimbaji ni spika tu. Mtu anapeleka shairi kwa mwimbaji, mwimbaji analipatia pumzi, analivuta hapa analikata pale, na kuna beti zinaachwa kwa sababu wimbo una urefu wake. Usiku wa harusi watu wanatunza mwimbaji, lakini kesho yake kwenye baraza wazee wanamjadili mtunzi.

Kwa Wasomali ndo kabisa. Kisomali hakikuwa na maandishi rasmi mpaka mwaka 1972, kwa hiyo kwa karne nyingi shairi lilikuwa linaishi vichwani mwa watu, kuna anayetunga na kuna anayehifadhi na kulisambaza, na sheria ya anayehifadhi ilikuwa kali mno: hubadilishi neno na ukisimama mbele za watu unaanza kwa kumtaja aliyetunga. Hawakuwa na karatasi lakini walikuwa na haki miliki, na ilikuwa inafanya kazi. Baadae zikaja kaseti, shairi linarekodiwa mji mmoja linadurufiwa linafika Djibouti na Nairobi na ughaibuni. Hata kwenye nyimbo za kisasa za Kisomali ukiangalia maelezo utakuta vitu vitatu vimetenganishwa, midho ni maneno, laxan ni lahani, cod ni sauti, na kila kimoja kina mwenyewe. Watatu, majina matatu, hakuna anayemfunika mwenzie. Washairi wao wakubwa walikuwa wanafika hata kutunga kwa mnyororo, kama ule uliopewa jina la Deelley mwishoni mwa miaka ya 1970 ambao mshairi Gaarriye aliuanzisha na makumi ya wenzake wakamjibu kwa vina vya herufi ile ile. Kwa hiyo Warsan anaandika kwa Kiingereza, ni kweli, lakini huo mtindo wa shairi kupita mdomo hadi mdomo amezaliwa nao ndani ya damu, hakufundishwa Hollywood.

Shida ya Lemonade ni nyingine. Kwenye filamu jina lipo, lakini lipo mwisho, na sauti ni ya mtu ambaye ni maarufu kuliko karibu kila mtu duniani. Sasa mtazamaji wa kawaida akisikia sauti ya Beyoncé inasema nilijaribu kubadilika, na anajua mambo ya ndoa yake yaliyosemwa magazetini, atawaza nini? Atawaza ni yeye anaongea. Ile silabi ya ni iliyoingia badala ya u ndo inayomfunika mtunzi, na hapo hapo ndo inayoipa filamu nguvu yake. Sina suluhisho la hilo na sidhani kama lipo, ni bei ya kazi yenyewe. Kwa msingi wa Kisomali jina lingetakiwa litajwe kwanza, sio mwisho, na mi kwa upande wangu nawaunga mkono wazee wa Kisomali.

Lakini kwamba kaibiwa? Hapana jamani. Mtu aliyeibiwa harudi kwenye nyumba ile ile mara mbili zaidi. Februari 2017 Beyoncé alipotangaza ana mimba ya mapacha, zile picha zilizoambatana na tangazo kwenye tovuti yake ziliwekwa na shairi, I Have Three Hearts, nina mioyo mitatu, na maneno ni ya Warsan. Mioyo mitatu, wa mama na ya watoto wawili, picha rahisi ambayo ukishaisikia huwezi kuisahau. Alafu tarehe 31 Julai 2020 ikaja Black Is King kwenye Disney+, filamu iliyotokana na albamu ya The Lion King: The Gift ya mwaka uliotangulia, na mashairi ya humo pia yametoka kwake.

Hapa kuna jambo nataka kulisema kwa sababu liliniuma mwaka 2019. Ile albamu ilipotoka watu wa Afrika Mashariki walilalamika sana, na kwa haki, kwamba Simba ni Kiswahili, Rafiki ni Kiswahili, wimbo wa Spirit wenyewe unaanza kwa maneno ya Kiswahili, mbuga zile ni za kwetu, lakini wasanii walioalikwa wengi ni wa Nigeria, Ghana na Afrika Kusini na wa kwetu hayupo. Nilikuwa kwenye hiyo kelele na mi. Filamu ilipofuata na jina la Warsan ndani yake sikusema basi deni limelipwa, kwa sababu halikulipwa, yeye si mwanamuziki wa Bongo wala wa Nairobi, ila nilifurahi kwamba angalau maneno yanayobeba ile filamu yametoka kwa mtu ambaye cheti chake cha kuzaliwa kinasema Nairobi.

Na kama kuna kazi yake ya filamu ningependa watu wa huku waitazame kwanza, si hizo kubwa. Ni Brave Girl Rising ya mwaka 2019, fupi, kama dakika 20 hivi, ya shirika la Girl Rising. Imepigwa Dadaab, kambi ya wakimbizi pale kaunti ya Garissa iliyoanzishwa mwaka 1991, mwaka ule ule Mogadishu ilipoanguka. Inamfuata msichana wa Kisomali wa miaka 17 ambaye anataka kusoma huku presha ya kuolewa iko mlangoni, msimulizi ni Tessa Thompson, mwigizaji wa Marekani, na maandishi ni ya Warsan. Ukiangalia unaona ushirika wa aina nyingine kabisa. Kwa Beyoncé mshairi anampa maneno mtu mwenye sauti kubwa. Kwa huyu msichana ni kinyume, yeye ndo mwenye stori, na mshairi yuko pale kuhakikisha stori haipondwi ikageuka ya huruma huruma zile za kuchangisha pesa. Warsan na yule binti wanatofautiana kwa bahati tu, wote watoto wa Kisomali, wote Kenya imewapitia, mmoja akapata ndege akiwa mchanga mwingine akabaki kwenye hema. Hakuna popote kwenye ile filamu anapoandika kama mgeni.

Sasa nimeliacha makusudi lile shairi ambalo pengine umewahi kulisoma bila kujua ni lake.

Mwaka 2009 Warsan alienda Roma, na pale kulikuwa na jengo la ubalozi wa Somalia lililoachwa, nchi haina serikali ubalozi hauna balozi, na ndani yake wanaishi vijana wa Kisomali wakimbizi, hakuna stima, hakuna cha maana. Alipofika akaambiwa usiku uliopita kijana mmoja amejirusha kutoka kwenye paa akafa. Baada ya hapo akaandika Conversations About Home, maongezi kuhusu nyumbani, ambayo iko kwenye kile kijitabu cha 2011 kama nathari ya kishairi, na kutoka humo likakua shairi lingine, Home, lenye ule mstari kwamba hakuna mtu anayekimbia kwao mpaka kwao kuwe kinywa cha papa. Na ule mwingine, kwamba hakuna anayemuweka mwanawe kwenye boti isipokuwa maji yawe salama kuliko nchi kavu.

Septemba 2015, ile picha ya mtoto wa Kisyria aliyekutwa ufukweni Uturuki, dunia nzima ikatafuta maneno na maneno yaliyopatikana yalikuwa haya. Gazeti la New York Times likayanukuu kwenye tahariri. Benedict Cumberbatch, mwigizaji wa Uingereza, akayasema katika kampeni ya kuchangia Save the Children. Watu wakaandika kwenye mabango. Januari 2017 Trump alipopiga marufuku watu wa nchi saba kuingia Marekani, na Somalia ikiwa mojawapo, mabango yale yale yakarudi kwenye viwanja vya ndege. Mi nilikutana nayo kwa mara ya kwanza kwenye simu ya jamaa yangu, kaiweka stetasi, hakuna jina, nikamuuliza ya nani akasema sijui ni methali ya Wasyria nadhani.

Methali ya Wasyria. Hiyo kwa mshairi ni heshima kubwa na ni kufutwa, vyote kwa pamoja. Zaidi ya hapo, matoleo yalikuwa mengi, moja lina beti hizi lingine limeachwa hizi, watu wanakata wanavyotaka. Hakuna mkataba, hakuna ada, hakuna jina mwisho wa filamu. Na bado ndo ushirika wake mkubwa kuliko wote, kwa idadi ya watu walioupokea hata Lemonade sidhani kama inaukaribia kwenye nyumba za wakimbizi. Kwa hiyo ukinambia mshairi huyu kaibiwa, nitakuuliza wapi, maana kwa Beyoncé jina liliandikwa. Jina lilipotea huku kwetu, kwenye kushea kwetu kwa nia njema kabisa.

Machi 2022 ndo ikaja diwani kamili ya kwanza, Bless the Daughter Raised by a Voice in Her Head, Random House kwa Marekani na Chatto & Windus kwa Uingereza. Home imo, safari hii kwenye karatasi, na jina juu ya jalada. Mle ndani wamejaa watu, hooyo yupo, yaani mama, mashangazi wapo, kuna shairi la Victoria Climbié, yule mtoto wa Ivory Coast aliyeuawa London mwaka 2000 mikononi mwa watu waliotakiwa kumlea. Maneno ya Kisomali na ya Kiarabu yametawanyika humo na kwa msomaji wa Kiswahili mengine hata hayahitaji kuelezwa. Ni kitabu kizito, usikisome kwa mkupuo, mi kilinichukua wiki kadhaa kwa sababu kila baada ya kurasa tatu nakifunga natoka nje.

Ukitaka mahali pa kuanzia mle ndani, anza na linaloitwa Backwards, kinyumenyume. Linaanza kwa kusema shairi linaweza kuanza na yeye akitembea kinyumenyume kuingia chumbani, mwanamume huyo, anavua koti, anakaa, na kuanzia hapo kila kilichoharibika kwenye ile familia kinarudishwa nyuma, damu inapanda puani, ngazi zinapandwa badala ya kuangukwa, watoto wanapungua kimo. Alafu katikati shairi linageuka, nusu ya pili ni mistari ile ile ya nusu ya kwanza, neno kwa neno, ila imepangwa kuanzia wa mwisho kurudi wa kwanza, kwa hiyo unaona kila kitu tena kikielekea upande mwingine. Lisome kwa sauti, taratibu, na mtu mwingine akiwepo chumbani kama inawezekana. Mstari wa mwisho utaukuta ni ule ule wa kwanza, yeye anaingia kinyumenyume, koti bado liko mwilini.